Wakuu wa shule: kabla ya kuleta mfumo mpya, tajeni kazi ya zamani inayokufa

ChakiVumbi (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni kwa walimu wakuu, wakuu wa shule, walimu wa taaluma na wajumbe wa bodi. Wazazi msiondoke, sehemu yenu ipo.

Naanza na msimamo wangu, halafu mnirushie mawe. Kazi ya kiongozi wa shule kwenye teknolojia si kununua vifaa. Kununua anaweza yeyote mwenye fungu. Kazi yake ni kuamua mwalimu aache kufanya nini. Ukileta programu ya mahudhurio huku daftari la mahudhurio limebaki palepale mezani, umeongeza kazi ya pili. Mwalimu ataita majina asubuhi, atatia alama daftarini, kisha jioni atazinakili kwenye simu yake mwenyewe kwa bando lake mwenyewe. Akichoka, na atachoka, Ijumaa ataingiza "wote wapo" kwa wiki nzima kwa mkupuo. Wewe ofisini utafungua grafu safi, ya kijani, ya uongo.

Kwa hiyo mfumo usivuke geti mpaka mkuu asimame mbele ya walimu na kutaja kazi inayokufa siku hiyo. Aitaje waziwazi: "Kuanzia Jumatatu alama zinaingizwa mara moja tu. Ripoti ya mzazi, wastani wa darasa na jedwali la mwalimu wa taaluma vyote vinatoka humo humo. Yale madaftari mengine nayachukua leo." Kama wakaguzi bado wanataka karatasi, ichapishwe kutoka kwenye mfumo, igongwe muhuri, iingie jaladani. Kama haichapishiki, baki na karatasi. Sifanyi utani. Daftari moja linalojazwa kwa ukweli linamfaa mkuu kuliko mifumo miwili inayojazwa kwa hasira.

Na tusiseme tatizo ni walimu wakorofi. Peru iligawa kompyuta mpakato zaidi ya milioni moja kwa wanafunzi bila kuziingiza kwenye ufundishaji wenyewe. Watafiti walipopima, alama za hesabu na lugha zilikuwa palepale. Mwaka 2015 OECD, jumuiya ya nchi tajiri inayopima elimu na uchumi, ilitazama nchi zilizomwaga fedha nyingi kwenye kompyuta za shule, ikakuta hakuna maendeleo ya kueleweka katika kusoma, hisabati wala sayansi. Ripoti ya UNESCO ya 2023 nayo inachekesha na kuudhi kwa pamoja: katika utafiti uliofanyika majimbo 17 ya Marekani, ni asilimia 11 tu ya walimu na viongozi waliotaka waonyeshwe ushahidi uliohakikiwa na wataalamu kabla ya kukubali bidhaa. Waliobaki nadhani waliridhika na maonyesho ya muuzaji. Maonyesho ya muuzaji huwa hayakwami hata siku moja.

Sasa teknolojia inasaidia wapi darasani? Kwa ninavyoona, sehemu kubwa ya msaada iko nje ya darasa, kwenye maandalizi. Shule nyingi kila mwalimu anatunga maswali yake upya, ilhali aliyefundisha mada hiyo mwaka jana anayo mazuri kabisa, ila yamo kwenye fleshi yake, na fleshi yake imehama naye. Mkuu akiamua kwamba shule ina hifadhi moja ya pamoja, iliyopangwa kwa somo, darasa na mada, na kila jaribio likishafanyika linawekwa humo pamoja na mwongozo wa kusahihishia, ndani ya miaka michache mwalimu mgeni anakuta kila kitu kinamsubiri. Hilo halihitaji programu ya kununua. Linahitaji mtu mmoja wa kusimamia majina ya mafaili. Msicheke, bila hivyo mtaishia na mafaili kumi yanayoitwa "mtihani wa mwisho kabisa mpya".

Lingine ni kuchambua majibu swali kwa swali. Jedwali la kawaida la Excel linatosha: wanafunzi kwa safu, maswali kwa nguzo, moja kwa aliyepata na sifuri kwa aliyekosa. Wastani wa darasa unakwambia nani amefeli. Jedwali hili linakwambia *nini* kimefeli. Mikondo miwili imekosa swali la saba karibu wote, mkondo wa tatu umepata. Hapo mkuu hana haja ya kufoka. Anamwomba mwalimu wa mkondo wa tatu awaeleze wenzake alivyoifundisha mada ile, basi. Semina ya namna hiyo haiwezi kuletwa na mgeni kutoka nje.

Mtauliza muda uko wapi. Uko kwenye kikao cha wafanyakazi. Matangazo yote yaende kwa maandishi siku moja kabla, na mtu asisomewe kitu ambacho ameshatumiwa. Kikao kibaki cha kutazama jedwali hilo. Mkuu atakayeweza kuacha kusoma matangazo kwa sauti mbele ya watu wazima ameshafanya nusu ya mageuzi.

Nawasilisha.

---

Mkaguzi Mstaafu

Mleta mada umeandika vizuri lakini umeandika kama mtu asiyepokea waraka. Mkuu wa shule hachagui mfumo. Mfumo unashuka kutoka juu, na tarehe ya mwisho ya kujaza imeshapita kabla nywila hazijafika. Unataka aseme kazi gani imekufa wakati waliomtumia ndio wamekataa ife?

---

ChakiVumbi (mleta mada)

Mkuu, hapo umenipata na nakubaliana nawe nusu. Mfumo ukishushwa huwezi kuukataa. Lakini bado kuna mambo yaliyo mikononi mwako. Kwanza, nani anaingiza. Kazi ya kunakili takwimu ni ya karani, na kama karani hayupo, mpunguzie vipindi mwalimu mmoja aifanye kwa niaba ya wote kuliko kila mwalimu kuhangaika na skrini inayozunguka. Halafu angalia fomu zako mwenyewe. Shule ina fomu ngapi ambazo hazikudaiwa na yeyote juu, zilibuniwa na mkuu aliyepita kwa sababu anazozijua yeye? Fomu ya kuomba ruhusa, ya kukiri umepokea chaki, ya muhtasari wa muhtasari wa wiki. Huko juu huwezi kuua kitu. Ofisini kwako unaweza, tena leo.

Na ukipeleka malalamiko juu, peleka na muda. Andika kwamba taarifa hii imeulizwa mara tatu kwenye mifumo mitatu na imechukua saa kadhaa za mwalimu wa darasa la mtihani. Barua yenye saa za kazi hujibiwa tofauti na barua yenye manung'uniko.

---

mzazi_mchovu

Naomba niongee kama mzazi. Grupu la darasa la mwanangu ni soko. Asubuhi maua na dua, mchana mtu anauza viatu, jioni ugomvi wa siasa. Tarehe ya kikao ilitangazwa humo ikazama, nikaonekana mzazi asiyejali. Siku nyingine ikatupwa orodha ya watoto wanaodaiwa ada, majina kamili. Mtoto mmoja aliisoma kwenye simu ya mama yake kesho yake asubuhi akagoma kwenda shule. Hiyo ndiyo teknolojia ya mawasiliano?

---

ChakiVumbi (mleta mada)

Dada/kaka, pole. Hapa nitakaa kwa muda, maana ndipo shule nyingi zinapoharibu.

Kosa la msingi ni kuchanganya *tangazo* na *mazungumzo* na *siri* kwenye kapu moja. Tangazo ni la wote na halihitaji majibu. Mazungumzo yanahitaji majibu. Siri ni ya mtoto mmoja na mzazi wake: alama, madeni, nidhamu, afya. Siri haipiti kwenye grupu kamwe, hata kwa herufi za mwanzo za majina, kwa sababu kila mtu atazifumbua.

WhatsApp tangu 2018 ina mpangilio unaowaruhusu maadmini pekee kutuma. Uwasheni, ugomvi wa viatu utakwisha siku hiyo hiyo. Lakini hata grupu lililofungwa lina tatizo: kila aliyemo anaona namba ya mwenzake. Mzazi alimpa mkuu wa shule namba yake, hakuwapa watu wengine mia tatu. Kipengele cha WhatsApp kinachoitwa Jumuiya (Communities) kina grupu la matangazo linalowaficha wanachama namba za wenzao, kwa hiyo ni bora kuliko grupu la kawaida. Kuna pia orodha ya kutuma kwa wengi (broadcast), ambayo kila mzazi anapokea kama meseji yake binafsi. Ila orodha moja ina ukomo wa watu 256, na haimfikii ambaye hajahifadhi namba ya shule kwenye simu yake. Wakuu wengi hawalijui hili la mwisho. Wanatuma, wanadhani imefika, kumbe nusu ya wazazi hawajaona kitu. Siku ya usajili mzazi ahifadhi namba ya shule palepale mbele ya karani.

Halafu kuna wazazi wenye simu za batani, na hao wasiwe raia wa daraja la pili. Tangazo la lazima liende kwa SMS. Hapa kuna jambo dogo linalokula fedha za shule kimyakimya. SMS moja inabeba herufi 160. Ukiweka emoji moja tu, au alama yoyote isiyo kwenye seti ya kawaida, uwezo unashuka hadi herufi 70 na meseji moja inakatwa kuwa mbili au tatu, zote zikilipiwa. Kwa Kiswahili mtego uko kwenye ng'. Ukiandika tangazo kwenye Word, kile kialama cha juu hupindwa chenyewe na kuwa alama ya mapambo, ukikopi na kupesti kwenye mfumo wa kutumia meseji umeshaanguka kwenye 70. Andikeni moja kwa moja kwenye mfumo, na kialama kiwe kilichonyooka.

Kwa wasiosoma, au wanaosoma kwa shida, tumeni sauti. Sauti ya mkuu mwenyewe, chini ya dakika moja, ianze na tarehe na jambo lenyewe. Salamu ndefu watu wanazikatiza.

Je, meseji zinasaidia kujifunza? Inategemea zimebeba nini. Jimbo la West Virginia, Marekani, walijaribu mfumo uliotuma wenyewe taarifa mara kwa mara kwa wazazi wa shule 22: mtoto wako hajakusanya kazi hii, amekosa vipindi hivi, alama zake ziko hapa. Kufeli masomo kulipungua kwa asilimia 28 na mahudhurio darasani yakapanda kwa asilimia 12, ingawa alama za mitihani ya jimbo hazikubadilika. Zilikuwa taarifa za mtoto mmoja, zenye jambo la kufanya leo. "Wazazi tuwahimize watoto wasome" haimsaidii mtu yeyote, na kila shule inaituma.

Botswana wakati wa Covid walikwenda mbali zaidi. Kaya zaidi ya 4,500 zilihusishwa. Wengine walipata meseji za hesabu tu, wengine meseji pamoja na simu ya mwalimu mara moja kwa wiki, kama dakika 20 za kufanya hesabu na mtoto huku mzazi akisikiliza. Kundi la simu lilipanda. Meseji peke yake hazikuleta tofauti ya kueleweka. Nikiwa mkuu wa shule, vocha za kupigia zingekaa juu ya vishikwambi kwenye bajeti yangu, na nisingeona haya kulitetea hilo mbele ya bodi.

---

Hesabu Tupu

Nakazia hoja ya wazazi ila nani atatusemea sisi walimu? Mkuu wetu anatuma maelekezo saa nne usiku kisha asubuhi anauliza "hukuona?" Alama mbili za bluu zimekuwa hati ya mashtaka. Na sasa wanataka kufunga kamera madarasani "kuboresha ufundishaji".

---

ChakiVumbi (mleta mada)

Mwalimu, la usiku lina dawa rahisi ambayo wakuu hawaipendi kwa sababu inawahusu wao. Shule iwe na saa za mawasiliano zilizoandikwa. Nje ya saa hizo ni dharura tu, na dharura inapigiwa simu, haiandikwi. Mkuu akipata wazo usiku aliandike, aliratibu litoke asubuhi, programu nyingi za barua pepe na meseji zina uwezo huo. Maelekezo rasmi yawe na njia moja. Kama ni barua pepe, ni barua pepe. Mwalimu asilaumiwe kwa agizo lililopita kwenye grupu katikati ya pongezi za siku ya kuzaliwa.

Kamera: mimi napinga. Ya kwenye uzio na ghala, sawa. Ya kumtazama mwalimu anavyofundisha, hapana, kwa sababu mwalimu anayetazamwa muda wote hufundisha kwa usalama, hajaribu kitu kipya kinachoweza kumharibikia. Kinachofaa ni video ambayo mwalimu *mwenyewe* amejirekodi kwa simu, ikiwa kwenye stendi nyuma ya darasa, anatazama kwanza peke yake, halafu anachagua dakika chache za kumwonyesha mwenzake au mkuu. Faili ni lake, analifuta akitaka. Utashangaa mtu anavyojiona: aliuliza swali akajijibu mwenyewe kabla mtoto hajapumua. Hakuna mkaguzi angemwambia hivyo akamwelewa.

---

FundiMitambo

Mimi ndiye huwa naitwa mambo yakishaharibika, kwa hiyo niruhusuni. Mmeongea ufundishaji na mawasiliano, hakuna aliyegusa funguo.

Shule nyingi akaunti zake zimefunguliwa kwa barua pepe binafsi ya mwalimu mmoja anayejua kompyuta. Anahamishwa, anaondoka na ukurasa wa shule, hifadhi ya mitihani na mfumo wa meseji. Si mwizi, kasahau tu. Akaunti zifunguliwe kwa anwani ya shule, nywila zikae kwenye bahasha iliyofungwa ndani ya kabati la mkuu, na watu wawili wawe na ruhusa kamili. Washeni uthibitisho wa hatua mbili, yaani nywila pamoja na namba ya siri inayotumwa kwenye simu. Na makabidhiano ya ofisi yataje akaunti kama yanavyotaja madawati.

Nakala rudufu: tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, moja nje ya jengo. Kompyuta ya ofisi na diski iliyolala droo ya chini yake ni nakala moja, kwa sababu mwizi na moto huchukua vyote.

Kuhusu data za watoto, msidhani kampuni kubwa ni ngome. Desemba 2024 PowerSchool, mfumo unaotumiwa na shule nyingi sana Amerika Kaskazini, uliingiliwa kwa nywila iliyoibwa ya tovuti yao ya huduma kwa wateja, na taarifa za wanafunzi na walimu zikachukuliwa. Mwaka 2022 shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch lilichunguza bidhaa 164 za elimu mtandaoni zilizopendekezwa katika nchi 49 wakati wa janga la Covid, likakuta asilimia 89 zilikuwa na mienendo ya data inayohatarisha au kukiuka haki za watoto. Ambacho hukukikusanya hakiibiwi. Fomu ya usajili ikiuliza dini, kabila na ugonjwa wa bibi, futa hayo maswali kabla hujayaweka mtandaoni.

---

ChakiVumbi (mleta mada)

Fundi, umenena. Hilo la "ambacho hukukikusanya hakiibiwi" nalichukua.

Naongeza picha. Mtoto mwenye tuzo, sawa, kwa ridhaa ya mzazi iliyoandikwa. Mtoto anayepewa msaada wa viatu huku amekamatwa mkono na mfadhili, hapana. Picha hiyo itakuwepo siku anaomba kazi.

---

Hesabu Tupu

Na akili mnemba (AI)? Wanafunzi wanaleta insha ambazo hata mimi siwezi kuandika. Mkuu anataka tununue programu ya kuwakamata.

---

ChakiVumbi (mleta mada)

Usinunue. OpenAI wenyewe, waliotengeneza ChatGPT, waliondoa kigunduzi chao cha maandishi ya akili mnemba Julai 2023 kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Kama aliyepika hawezi kutambua chungu chake, huyo muuzaji wa mtaani anatambua nini? Utamwonea mtoto mmoja anayeandika vizuri kihalali, na shule itakosa maneno mbele ya mzazi wake.

Badilisheni kazi yenyewe. Rasimu ya kwanza iandikwe darasani kwa mkono. Mwanafunzi aulizwe dakika mbili kwa mdomo juu ya alichoandika. Kwa walimu, akili mnemba itumike kutunga maswali ya mazoezi, kurahisisha kifungu kwa wanaosoma polepole, kuandika rasimu ya barua. Kila kitu kipitiwe na mwalimu kabla hakijatoka, maana inakosea kwa kujiamini sana, hasa kwenye hesabu na majina. Na majina na alama za wanafunzi zisiingizwe humo. Mkuu aandike hayo kwenye ukurasa mmoja abandike chumba cha walimu. Sera ya kurasa thelathini haitasomwa.

---

mzazi_mchovu

Swali langu la mwisho. Mimi ni mjumbe wa kamati. Shule yetu haina intaneti ya kueleweka, umeme ni wa kubahatisha, na tuna fungu dogo. Wajumbe wanataka maabara ya kompyuta kwa ajili ya uzinduzi. Nikawaambie nini?

---

ChakiVumbi (mleta mada)

Waambie maabara iliyofungwa kufuli kwa kuogopa vumbi ipo shule nyingi, ina pazia zuri, na funguo kasafiri nazo mtu.

Kwa fungu dogo ningeanza na simu moja ya shule yenye laini iliyosajiliwa kwa jina la shule, isiyo ya mkuu wala ya mhasibu. Kisha kompyuta mpakato moja kwa ofisi ya taaluma, ya alama na hifadhi ya maswali, na printa ya kuaminika. Kisha projekta moja na spika moja zinazohama darasa kwa darasa kwa ratiba iliyobandikwa ukutani, pamoja na betri ya akiba. Ikibaki, wekeni Kolibri, programu ya masomo. Ni bure, imetengenezwa kwa mazingira yasiyo na intaneti: masomo yanapakuliwa mara moja mahali penye mtandao, kisha kompyuta moja inayagawa kwa vifaa vilivyo karibu bila bando. Chagueni somo moja na walimu wawili wanaotaka wenyewe, msiwalazimishe wote. Matengenezo yatengewe fedha tangu mwanzo, maana taa ya projekta huungua na betri huchoka, na mfadhili wa uzinduzi hatakuwepo.

Na ile simu ya shule, muulizane kabla hamjainunua: likizo inabaki na nani, na nani anapokea mzazi akipiga?

---

mzazi_mchovu

Hilo la likizo hatukuliwaza. Kikao ni Alhamisi, nitaanza nalo. Nikirudi nitawaambia walivyojibu.